Kamusi ya RAE mtandaoni: inatosha kuchagulia kati ya pensar, meditar na cavilar?

Kamusi ya Kihispania ya Real Academia Española (RAE, akademia ya lugha hiyo), DLE, inapatikana bure kwenye dle.rae.es bila kujisajili. Toleo la 23 lilichapishwa mwaka 2014, na tangu hapo husasishwa mtandaoni. Ukitaka maana ya neno, anzia hapo. Ukitaka kuchagua kati ya vitenzi vya kufikiri kwa kina, itakufikisha nusu ya njia.

Tafuta meditar, kisha reflexionar, yote mawili ni kutafakari. Fasili zinakaribiana mno, utadhani ni pacha. Tofauti iko kwenye matumizi: watu husema meditar una decisión bila kihusishi, ilhali reflexionar hupenda kufuatwa na sobre (kuhusu). Kidokezo kimo kwenye vifupisho: tr. ni kitenzi elekezi, intr. ni kisicho elekezi. Wengi huviruka, kisha wanaandika pienso de mi futuro badala ya pienso en mi futuro (nafikiria mustakabali wangu). De ni ya maoni: ¿qué piensas de él? (unamwonaje?) Na pienso viajar (nakusudia kusafiri) ni kukusudia tu, hakuna tafakuri yoyote humo.

Kamusi hii inang'ara inapoonyesha neno limetoka wapi. Rumiar kwanza ni kucheua, kama ng'ombe. Maana ya kufikiri polepole imewekewa alama coloq., yaani ya mazungumzo, basi usiipeleke kwenye barua rasmi. Sopesar ni kuinua kitu mkononi ukisie uzito wake, ndiyo maana huandamana na los pros y los contras (faida na hasara). Ponderar ina mtego: ni kupima jambo, lakini pia ni kulisifia kupita kiasi. Aliyeambiwa ponderaron el vino asidhani mvinyo ulichunguzwa, ulimwagiwa sifa.

Cavilar ndiyo kuwaza na kuwazua kwetu, aghalabu kwa wasiwasi. Usimjibu mteja estamos cavilando su propuesta (tunawaza na kuwazua pendekezo lako), atashtuka. Andika estamos considerando su propuesta (tunalizingatia pendekezo lako). Naye akikujibu me lo voy a pensar (nitalifikiria), bado hajanunua.

Kasoro kubwa ni mpangilio wa misemo. Darle vueltas a algo, kulizungusha jambo kichwani, husikika kila siku, lakini imewekwa chini ya vuelta. Anayeanzia pensar haioni. Visawe navyo hupangwa foleni bila kuelezwa kipi kinafaa wapi.

Kwa hiyo ukitoka DLE fungua CORPES XXI, hazina ya matini za kuanzia 2001, ya akademia hiyohiyo na bure vilevile. Andika kitenzi kwenye kisanduku cha Lema, kinachotafuta maumbo yote ya neno. Ukikiweka kwenye Forma utapata cavilar tupu, bila cavilo wala cavilaba. Soma sentensi kumi, ukiangalia neno linalofuata kitenzi na nani anayefikiri.