Chanjo ya mdondo ya I-2: nzuri, ila usiiue kabla haijamfikia kuku

Kwa mfugaji wa kuku wa kienyeji Bahi, Kongwa au Chamwino, hakuna kitu kwenye duka la dawa za mifugo kinachostahili pesa yake kama I-2, chanjo ya mdondo (kideri, ugonjwa wa virusi unaoua kuku) inayotengenezwa Kibaha. Ila ni virusi hai. Vikifa njiani, kuku anadondoshewa maji matupu.

Tone likiingia jichoni, virusi hunasa kwenye sukari zilizo juu ya seli za jicho na njia ya hewa. Protini iitwayo F huunganisha ganda la kirusi na utando wa seli, uzi wa RNA (maelekezo ya kirusi) wenye herufi kama 15,000 unaingia, na seli inageuzwa mtumishi: kirusi kinanakili uzi wake humo, seli inaunda protini za virusi, kisha virusi wapya wanachomoza kwenye utando wake. F haifanyi kazi mpaka ikatwe na kimeng'enya cha kuku mwenyewe. Ya mdondo mkali hukatwa karibu katika kila seli, ndiyo maana ugonjwa unafika ubongoni na shingo inapinda. Ya I-2 hukatwa kwenye njia ya hewa na utumbo tu. Virusi vya chanjo vinazaliana huko, kinga inaamka, kuku anabaki mzima.

I-2 huvumilia joto kuliko chanjo za kawaida za mdondo, na kwa Dodoma hilo ni jambo kubwa. Jua haivumilii. Ibebe kwenye kivuli, imeviringishwa kitambaa kilicholowa, na uchanje alfajiri kuku wakiwa bado bandani. Tone moja jichoni, kifaranga na jogoo sawa. Usimwachie mpaka apepese. Rudia kila baada ya miezi 4. Ukiamua kuwanywesha, usitumie maji ya bomba yenye klorini, yanaua virusi.

Kinga inahitaji kama wiki 2, kwa hiyo kuchanja banda ambalo tayari linaharisha kijani ni kuchelewa: mdondo umeshatangulia kwenye seli. OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini) wanayouziwa watu wakati huo haiwezi kuuzuia, kwa sababu inalenga bakteria, na kirusi kinatumia mitambo ya seli ya kuku.

Kasoro yake ni chupa. Dozi ni nyingi kwa mwenye kuku kumi, na ikishachanganywa haiwekwi akiba ya msimu ujao. Changeni majirani, mchanje siku moja.