Safari ya boti Rufiji: niliendea mamba, nimerudi na kitwitwi

Jamani nimetoka Mloka juzi, tulipanda boti ya asubuhi mto Rufiji ndani ya hifadhi ya Nyerere. Barabara toka Kibiti inachosha, mjiandae. Tulichelewa kuondoka karibu saa nzima na laifu jaketi niliyopewa kifungo kimekatika, nikasema wakanibadilishia, ila hilo walitakiwa waliangalie wao kabla hatujapanda.

Sasa kilichonifanya niandike. Viboko na mamba kila boti inawaona. Lakini kwenye kona moja nahodha akazima injini kabisa, akasema taratibu, "Dada, tazama pale kwenye mchanga." Kenge! Kama mita moja na nusu pamoja na mkia, mweusi mwenye madoa ya njano yamejipanga kama shanga, anaburuza tumbo huku ulimi wenye panda mbili unatoka unaingia unatoka, nahodha akasema anatafuta mayai ya mamba hapo, akiyanusa anafukua anakula. Na mbele yake kidogo tu, ukingoni, kitwitwi, kadege ka gramu kama 50, miguu njiti, mkia unapanda unashuka hautulii, kanadonoa vidudu kwenye tope.

Kenge akisogea, kadege kanaruka chini chini karibu kugusa maji, kanatua mbele kidogo, kanaendelea kula. Mara tatu hivyo, mimi nimeshika mdomo.

Mkiniuliza mimi, kenge anatisha na ngozi yake nzuri kuliko nilivyodhani, ila akishajilaza juani ndo basi, humuoni akifanya kitu. Kitwitwi sikumchoka. Halafu naambiwa kenge ni mwenyeji, anatagia kwenye kichuguu na mchwa wenyewe wanaziba tundu, mayai yanabaki kwenye joto, wakati kale kadege kanataga Ulaya na Asia huko, kanakuja kwetu kukimbia baridi na mwezi wa nne kanaondoka tena. Na vile vibawa!

Wenzetu wawili walikuwa wanataka twende kwa tembo haraka, nahodha akawaomba dakika 10 kwa adabu, wakakubali. Nahodha nampa nyota 5, ofisi yao 3.

Mkienda bebeni darubini, na mwambieni nahodha kabla hamjaondoka kwamba mnataka na ndege wadogo, maana injini ikiwaka kitwitwi hamumuoni.