Seachem Prime kwa tangi la betta

Chupa ya 100 ml ya Prime, dawa ya kutayarisha maji ya tangi la samaki kama betta, inaonekana ndogo, lakini haiishi upesi: 5 ml hutosha lita 200, hivyo tangi la lita 20 linataka nusu mililita tu. Tatizo ni kifuniko, ambacho ndicho kipimo chake. Pete moja ya uzi wake (mistari ya ndani ya kufungia) ni kama 1 ml, na nusu yake huwezi kuikadiria kwa jicho. Nunua bomba la sindano la 1 ml duka la dawa. Ukifungua itanuka kama yai viza. Haijaharibika, ndiyo harufu yake.

Inaondoa klorini ya maji ya bomba, ambayo huunguza matamvua ya samaki. Tia ndooni kwanza, koroga, ndipo umimine tangini, ukibadilisha robo ya maji kila wiki. Amonia, sumu inayotokana na kinyesi na mabaki ya chakula, huituliza kwa siku moja hivi, kwa hiyo haichukui nafasi ya chujio, na chakula kilichobaki chini bado lazima ukitoe.

Unatumia maji ya kisima yasiyo na klorini? Iache. Pesa hiyo nunulia hita: betta anataka nyuzi 25 hadi 27, na baridi ya Nairobi mwezi Julai humfanya alale chini, agome kula.