Uzoefu wangu Ambaji: hekalu lisilo na sanamu na ngazi 999 za Gabbar

Mwezi wa kwanza nilikuwa Ahmedabad, jimbo la Gujarat, India, nikimsindikiza kaka yangu aliyefanyiwa upasuaji wa moyo. Alipohamishiwa wodi ya kawaida na mwanawe kuwasili kutoka Dar kunipokea zamu, alinifukuza. "Mdogo wangu, nenda katembee. Unanikodolea macho mpaka naogopa kukohoa." Muuguzi aliyekuwa akimpima presha akadakia: basi aende Ambaji, moyo wa Mata, yaani Mama, mungu wao wa kike, uliangukia kule. Nikadhani ananitania kwa ajili ya ugonjwa wa kaka. Kumbe anasema kweli, kwa imani yao.

Kisa chenyewe ni hiki. Sati, mke wa Shiva, mmoja wa miungu wakuu wa Wahindu, alikufa kwenye sherehe ya kafara aliyoiandaa baba yake, baada ya mumewe kudharauliwa. Shiva akaubeba mwili wake huku na huku kwa majonzi, hadi mungu mwenzake Vishnu alipoukata vipande, na kila kipande kilipodondoka pakawa mahali patakatifu. Wengi huhesabu mahali 51. Moyo, wanasema, uliangukia mlima Gabbar, nje kidogo ya mji wa Ambaji, ambako mama huyo huitwa Amba.

Nilipanda basi la serikali. Ni kama kilomita 180, na nilitumia zaidi ya saa nne kwa sababu dereva alisimama popote palipo na birika la chai. Njiani tulipita Khedbrahma, ambako wenyeji hupaita Ambaji Ndogo kwa kuwa nako kuna hekalu la mama huyohuyo, pamoja na hekalu la Brahma, mungu ambaye mahekalu yake ni ya kutafuta kwa tochi. Sikushuka, na hadi leo najilaumu. Ukienda, shuka, utapata basi jingine mbele.

Ambaji uko kwenye vilima vya Arasur, tawi la milima ya Aravalli, karibu kabisa na mpaka wa Rajasthan. Mji ni mdogo na unaishi kwa mahujaji na marumaru nyeupe inayochimbwa jirani. Kila duka linauza vitambaa vyekundu vyenye nyuzi za dhahabu, nazi na vinyago vya mawe. Nyama hupati, mayai sahau, na bia ndiyo kabisa, Gujarat imeipiga marufuku. Mimi sikuteseka. Dengu zao zina sukari kidogo, mara ya kwanza unashangaa, mara ya tatu unaongeza. Kilichonitesa ni nyumba ya wageni niliyofikia: ilinitangazia maji ya moto, kisha asubuhi wakaniuzia kwa ndoo. Na Januari kule usiku ni baridi ya kweli, mtu wa Dar usijidanganye na neno India.

Viatu sasa. Ukikaribia hekalu, vijana wa madukani wanakuita uache viatu kwao bure. Hiyo bure ina masharti: lazima ununue sahani ya sadaka, yenye nazi, kitambaa na maua. Nikanunua. Mbele hatua chache nikaona hekalu lina mahali pake pa kuweka viatu. Nilivyorudi, kijana akanipa kandambili zisizo zangu, tukabishana kwa mikono mpaka zangu zikapatikana chini ya gunia. Nikaikumbuka methali yetu ya Baniani na kiatu chake, nikacheka peke yangu.

Hekalu lenyewe ni jeupe, na kilele chake kimevikwa dhahabu kinachokuumiza macho jua likitoka. Picha ndani hairuhusiwi. Hakuna aliyeniuliza dini yangu. Foleni inapita katikati ya vyuma, wanawake upande wao, na kila baada ya muda mtu anapaza sauti, "Bol mari Ambe!", foleni nzima inajibu, "Jay jay Ambe!" Mara ya nne nami nikajikuta najibu, mdomo tu.

Ukifika mbele unapata sekunde chache kabla ya kusukumwa pembeni. Nilichoona ni mama aliyevaa nguo nyekundu na taji, ameketi juu ya mnyama. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Usiku mwenye duka la chai akanieleza kwamba pale hakuna mtu wala sanamu. Kuna shubaka ukutani, na ndani yake bamba la dhahabu lililochorwa alama takatifu, Visa Yantra. Nguo na mapambo hupangwa mbele ya shubaka hata ukiwa mbali uone mama ameketi, na mnyama anayempanda hubadilishwa kufuatana na siku ya wiki. Bamba lenyewe halitazamwi kwa macho. Kuhani anayelihudumia hujifunga kitambaa machoni.

Kesho yake nilirudi kwenye foleni makusudi, nikiwa najua. Nikatazama tena, na macho yangu yakakataa katakata kuona vitambaa vilivyopangwa. Nilimwona mama yuleyule, safari hii juu ya mnyama mwingine.

Gabbar iko kilomita kama nne au tano kutoka mjini. Kuna vigari vinavyoning'inia kwenye waya, na kuna ngazi 999. Nilipanda kwa miguu alfajiri, na ndivyo ninavyokushauri, kwa sababu jua likishakaa juu ya mawe yale unageuka chapati. Niliwapita wanawake wazima waliokuwa wakipaka unga mwekundu kila ngazi kwa kidole. Sikuelewa mpaka mmoja akanionyesha: aliahidi, akapata alichoomba, sasa analipa deni. Ngazi 999, kidole kimoja. Kima wa uso mweusi wanakusubiri kwenye kona, usibebe nazi mkononi.

Kileleni ni kibanda kidogo tu chenye taa isiyozimwa. Baada ya dhahabu ya kule chini nilitarajia makubwa zaidi, lakini pale ndipo nilipokaa sana kuliko popote. Watu wanafika wanahema, wanatazama mwali, wanakaa kimya. Mimi si wa dini ile, na sikumwomba mtu. Nilikaa nikihesabu mapigo yangu kwenye shingo, kama nilivyozoea kuitazama ile mashine ya kaka kwa siku tisa. Kushuka ukitaka zunguka njia yenye nakala ndogo za mahekalu yote 51. Mimi nilifika la kumi na kitu, magoti yakasema basi.

Mchana nilikodi bajaji, rupia 600 kwa mzunguko wa nusu siku. Dereva, kama kila mtu Gujarat, ana binamu Nairobi. Alinipeleka kwanza Koteshwar, hekalu la Shiva, ambako maji hutoka kwenye mdomo wa ng'ombe wa jiwe na mahujaji huoga. Pale wanasema ndipo unapoanzia mto Saraswati wa huko, ambao huitwa mto bikira kwa sababu hauolewi na bahari, unaishia kwenye majangwa ya chumvi ya Kutch. Patamu kusikiliza, ila kwa kuangalia, dakika ishirini zinatosha.

Kumbhariya ndiyo nusura niikose, kwa sababu kitabu changu cha utalii hakiisemi na mahujaji wa Amba hupita tu. Ni mahekalu matano ya Wajain, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, ya karne ya 11 hadi ya 13, umbali wa mwendo mfupi toka mjini. Mlangoni nilivua hata mkanda, ngozi hairuhusiwi. Nje ni ya kawaida tu. Ndani, inua kichwa: dari za marumaru zimechongwa visa vizima vya maisha ya watakatifu wao, safu kwa safu, wafalme, tembo, wacheza ngoma wadogo kama kidole gumba. Tulikuwa watu wanne. Hakuna aliyenisukuma. Nyota tano, na hapa sina cha kulalamikia.

Nenda siku ya kazi. Ukwepe mwezi mpevu wa Bhadarvo, mwezi wa kalenda ya Kihindu, kwa kawaida Septemba, wakati malaki ya watu huja kwa miguu wakibeba bendera, labda kama hilo ndilo unalolitafuta. Saa za kufungua hekalu hubadilika kwa msimu na mchana hufungwa kwa vipindi, kwa hiyo uliza jioni kabla ya kulala.

Usiondoke bila mohanthal, tamutamu ya unga wa dengu, samli na sukari inayotolewa hekaluni. Machi 2023 waliiondoa wakaweka chikki, ambayo kwetu tungeiita kashata ya karanga, na waumini wakaja juu mpaka mohanthal ikarudishwa mwezi huohuo. Nilinunua maboksi matatu. Wodini daktari alitazama samli ile, akamtazama kaka, akatikisa kichwa. Muuguzi akachukua boksi, akaligusisha kwenye paji la uso, akakata kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi na kumtilia kaka mdomoni daktari alipogeuka. Yaliyobaki waligawana zamu ya usiku.