Viatu vya mtumba vya Soko Kuu, Mtwara: vinafika Santiago?

Mwenye nia ya kuhiji kwa miguu hadi kaburi la Mtume Yakobo, Santiago de Compostela huko Hispania, akiwa hapa Mtwara ataanza kutafuta viatu pale pale tunapotafutia kila kitu: vibanda vya mitumba vya Soko Kuu. Na vipo. Buti za mlimani za ngozi, majina makubwa ya Ulaya, soli ya meno, kwa bei ambayo dukani usingepata hata mguu mmoja. Swali ni kama zinaweza kumbeba mtu kilomita 780 hivi za Njia ya Kifaransa, kutoka Saint-Jean-Pied-de-Port, mji wa Ufaransa mpakani, hadi Santiago, siku 30 hadi 35 mfululizo. Baadhi zinaweza, na mara nyingi si zile zinazong'aa.

Ubovu wa buti ya mtumba haukai kwenye ngozi wala kwenye meno ya soli. Unakaa katikati, kwenye ile sponji iliyo kati ya soli ya chini na kiatu chenyewe. Buti nyingi nzito huwekewa sponji ya poliurethani, aina ya plastiki ya povu. Ni nzuri kwa mguu, lakini unyevu wa hewa huivunjavunja taratibu hata kama kiatu hakivaliwi, na joto huharakisha kazi hiyo. Sasa chukua buti iliyosahaulika kabatini Ulaya kwa miaka, ikabanwa kwenye robota, ikavuka bahari ndani ya kontena, kisha ikaning'inizwa kwenye hewa ya pwani yetu. Kwa macho ni mpya. Ukiipandisha mlima sponji inamong'onyoka kama keki iliyolala, soli inabaki njiani. Ndiyo maana buti ya zamani ambayo haijalika hata kidogo itiliwe shaka kuliko iliyochakaa kiasi: hiyo haikuvaliwa, ilizeeka tu.

Kuikagua hakuchukui muda. Funua ulimi wa kiatu utafute lebo; viwanda vingi huandika humo mwezi na mwaka wa kutengenezwa kwa tarakimu ndogo. Ikiwa imevuka miaka 5 na sponji ni ya poliurethani, iache. Lebo ikiwa imefutika, bonyeza sponji kwa ukucha wa kidole gumba. Nzima hurudi, iliyooza hubaki na alama, hunata, au hutoa unga. Kisha kunja kiatu pale vidole vinapokunjia na uangalie ubavuni. Nyufa nyembamba zikijitokeza, rudisha. Muuzaji atakwambia, “Hiyo gundi tu kaka, fundi anamaliza hapo hapo.” Hapana. Gundi hushika vitu viwili vilivyo vizima, na hapo upande mmoja umeshakuwa unga.

Ikipita hapo, iweke juu ya meza na uitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholika upande mmoja ni mwendo wa mwenyewe wa kwanza, na goti lako litalipia. Ing'oe soli ya ndani pia: ukiona shimo la kisigino cha mtu mwingine, nunua soli ya ndani mpya, usijipe moyo kwamba itanyooka.

Fundi viatu ana kazi yake, tusimdharau. Ncha iliyoachia kwa sababu kiatu kilifuliwa na kuanikwa juani inarudi vizuri kwa gundi ya viatu na kushonwa kwa uzi wa nailoni. Super glue mkatalie: hukauka ikawa ngumu, ukikunja mguu inakatika. Ila ujue kila tundu la sindano ubavuni ni mlango wa maji, na Galicia, mkoa wa mwisho wa njia, ni wa mvua. Maandishi ya kuzuia maji nayo yasikupandishie bei. Simamisha kiatu ndani ya beseni la maji dakika 10 ukiwa umetia tishu ndani, utaona.

Kwa hukumu yetu, raba ya njia za porini yenye sponji ya EVA, plastiki nyingine ya povu, inashinda buti kwa anayesafiri kati ya Mei na Septemba. EVA haiozi kwa unyevu namna ile. Kosa lake ni kubonyea na kuishiwa mdundo, jambo unalolijua kwa kidole papo hapo. Ni nyepesi na inakauka upesi. Chukua kubwa kwa namba moja, uijaribu jioni mguu ukiwa umevimba na soksi ya safari ikiwa ndani. Mteremko wa kuingia Roncesvalles, kijiji cha kwanza upande wa Hispania, ni wa siku ya kwanza, kutoka mita 1,400 na ushee, na kesho yake kuna ule wa mawe wa kushukia Zubiri. Kidole kikigonga mbele, kucha inakuwa nyeusi kabla hujaiona Pamplona. Pitisha kamba kwenye matundu ya mwisho kwa kitanzi, kisigino kikae nyuma. Soksi ziwe za sufu. Pamba hushika jasho na kuleta malengelenge. Kabla ya kuvaa, paka mafuta ya mgando kati ya vidole.

Jaribio lifanyike huku, si kule. Mtwara hadi Mikindani ni kilomita 10 hivi. Nenda na urudi alfajiri ukiwa na begi lenye asilimia 10 ya uzito wako, huo ni mwendo wa kawaida wa siku moja ya njia. Shida ya ufukweni ni kwamba ni tambarare, na viatu hufia kwenye mteremko. Panda Newala, ushuke ukingo wa uwanda wa Makonde na kurudi. Kiatu kisichomaliza wiki ya namna hiyo kibaki nyumbani.

Anayeanzia Sarria, mji ulio ndani ya Galicia, kutafuta Compostela, yaani cheti cha kumaliza hija, hahitaji ukali wote huu. Ni kilomita 114 hivi, haipishani sana na barabara ya Mtwara hadi Lindi, na raba yoyote nzima inatosha. Kumbuka tu mihuri miwili kwa siku kwenye kitabu cha hujaji.

Aendaye peke yake kutoka Saint-Jean ndiye wa kuhofia, maana hana wa kumwazima kiatu wala wa kumbebea begi akichechemea, na hosteli za mahujaji kwa kawaida humpokea mtu asiye mgonjwa usiku mmoja tu. Andika jina ndani ya viatu: jioni vyote huachwa kwenye rafu ya mlangoni, na alfajiri watu huondoka gizani. Kandambili nazo usizisahau. Maduka ya viatu yapo Pamplona, Logroño, Burgos na León. Soli ikianza kulegea ukiwa Burgos, nunua vingine hapo hapo hata kama bei inauma, kwa sababu mbele yake, kutoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza, ni kilomita 17 bila kijiji hata kimoja.