Pilau iko vizuri mnoo, ila mama yangu kasalimiwa "mambo vipi"

Ijumaa iliyopita nilimpeleka mama kula mchana kwenye mgahawa mmoja huku Magomeni, jina naliweka kiporo maana sitaki kijana wa watu aitwe ofisini kwa ajili yangu.

Nianze na msosi maana ndo tulichofuata. Pilau ya nyama elfu 8, wali wa nazi na samaki wa kupaka elfu 12. Pilau imekolea, mchele umechambuka, kachumbari imekatwa nyembamba sio yale mabonge ya vitunguu, nyama hauhangaiki nayo. Samaki alikuwa changu wa mkaa, kapakwa tui zito lenye ndimu, na mama yangu ni mtu wa Pangani, tangu nipate akili sijamsikia akisifia samaki wa Dar, siku hiyo kala mpaka kichwa kakifyonza. Kwa hiyo jikoni sina neno.

Sasa huduma. Tumekaa hata mkoba sijauweka chini akaja kijana mtanashati, aproni safi, tabasamu mpaka huku, akamwangalia mama, miaka 71, kajitanda khanga yake, akasema "Mambo vipi maza, karibuni sana." Mama kimya. Kijana akadhani hajasikia akarudia kwa sauti zaidi. Mama akamuuliza taratibu kabisa, "Mambo gani baba?" Kijana akababaika, "aah, mambo tu mama… si poa?" Mama akasema, "Kinachopoa ni uji."

Jamani nilitamani ardhi ipasuke.

Nikasema niokoe jahazi, nikadakia fasta, "nipe pilau moja na samaki mmoja", nikashtukia nimefinywa paja chini ya meza. "Nipe? Kwani unamdai?" Akageuka kwa yule yule kijana aliyemnunia sasa hivi, "Naomba samaki mwanangu, na maji ya moto kama yapo." Yani mama hajawahi kutamka tafadhali maisha yake yote, kwake hilo ni neno la redioni, lakini naomba haimkauki mdomoni, hata akimtuma mjukuu kiberiti anaomba.

Halafu menyu hawana, kuna kikaratasi mezani unaskani na simu. Mama ana kiswaswadu. Nikamsomea zote mpaka na juisi, watu wanatuangalia. Na kunawa ukauliza unaonyeshwa sinki kule mwisho, mama goti lake linamsumbua, akainuka hivyo hivyo bila kusema kitu, na mama akinyamaza ujue limemkera kuliko yote. Jagi na beseni vingewagharimu nini kwa wateja watu wazima?

Haya, soda kaleta binti mwingine, mdogo mdogo, akakunja goti kidogo, "Shikamoo mama." Mama akachanua, "marahaba mwanangu, hujambo?" Binti sijambo, akanigeukia mimi. "Shikamoo mama."

Mimi nina miaka 36! Marahaba ikanikwama kooni kama mwiba wa kibua, nikajibu "safi" sijui imetoka wapi, na hapo ndo mama alipocheka kwa mara ya kwanza tangu tuingie.

Wakati wa kulipa nikamuuliza yule kijana kiutani, mbona mama hukumpa shikamoo yake? Akasema dada angu, pale nilipokuwa nafanya kazi zamani nilimwamkia mteja akaenda kunishtaki kwa meneja kwamba namzeesha, tangu siku hiyo nampa kila mtu mambo, niko salama. Nikanyamaza, maana dakika 40 nyuma na mimi nilikuwa nimeshanuna kwa kosa hilo hilo. Shikamoo kwa mhudumu ni kamari, ana sekunde 2 kukadiria umri wa mtu mwenye wigi na make-up.

Ila mama hakukubali. Anasema kwani salamu ziko mbili tu? Kuna habari za mchana, kuna hamjambo, kuna asalaam aleikum, hizo hazimzeeshi mtu wala hazimshushi. Mambo ni ya marika, wewe na mwenzio mlioruka kamba pamoja. Na shikamoo kwa alivyofundishwa yeye ni nashika miguu yako, unaishika kwa mdomo, wala hujainama, sasa uzito uko wapi?

Hapo nampa haki yake, lakini nisiseme wazee wote ni malaika. Meza ya nyuma kulikuwa na wababa wawili umri wa mama kabisa, wanapiga vidole, "we kijana!", asante hawakutoa hata moja, ni kama pesa yao ndo asante yenyewe. Pembeni yetu vijana watatu na iafoni zao masikioni, wanamwita "oya bro", mmoja anafanya kabisa psss, mama akatikisa kichwa, ila kila sahani ikitua wanasema asante kaka, na walipomwaga juisi waliomba samahani na wakafuta wenyewe. Mhudumu alikuwa anawakimbilia hao huku anacheka, wale wababa anaenda amekaza shingo.

Wakati tunatoka kijana akasema "karibuni tena mama", mama akajibu "tushakaribia baba, pole na kazi", basi yakaisha, mpaka kwenye bajaji ananiambia mtoto yule hana ubaya, hajafundishwa tu.

Mkienda wahini kabla ya saa 7, Ijumaa watu wakitoka msikitini pilau inaisha hivi hivi unaiona. Paking hakuna. Lipa namba ilisumbua kidogo, bora uwe na keshi. Ukiwa na mzazi omba maji ya kunawa mezani tangu mwanzo, binti wa soda ataleta, nilimuuliza akasema jagi lipo jikoni, hakuna anayeliomba. Na ye binti nimemwambia mimi ni dada.