Puerto Viejo, Kosta Rika, kwa anayestaafu mapema: panga nyumba kwanza, ardhi baadaye

Alama zangu kwa pwani hii ni nne kati ya tano kwa kuishi, mbili kwa kununua ardhi. Nazungumzia ukanda wa bahari ya Karibi kutoka Cahuita hadi Manzanillo, kusini mwa mji wa Limón.

Wengi huja kukagua Septemba au Oktoba, wakati upande wa pili wa nchi, wa Pasifiki, unalowa, ilhali upande huu wa Karibi bahari imetulia na jua linawaka. Miezi hiyo inadanganya. Upande huu hauna kiangazi cha kweli, na Julai na Desemba mvua humwagika hasa. Panga nyumba Desemba, ndipo utaijua: nguo zanuka uvundo kabatini, viatu vya ngozi vyaota ukungu, bawaba zaliwa na kutu kwa hewa ya chumvi. Kabla ya kulipa kodi, angalia dari iwe juu, madirisha yawe pande mbili zinazopitisha upepo, na paa litokeze mbele ya kuta. Umeme ni volti 120, kwa hiyo pasi na birika za volti 240 ziache nyumbani.

Sasa ardhi, maana hapo ndipo pesa za watu hupotelea. Sheria ya mwaka 1977 inahesabu mita 200 kutoka alama ya maji kujaa. Mita 50 za kwanza ni za umma, hakuna wa kuziuza. Mita 150 zinazofuata hutolewa na manispaa kwa kibali cha muda, na mgeni ambaye hajaishi nchini miaka 5 hapewi. Zaidi ya hayo kuna hifadhi ya Gandoca-Manzanillo, iliyoanzishwa 1985, na maeneo ya Wabribri, wenyeji wa asili, ambayo asiye mwenyeji wa asili haruhusiwi kununua. Ukiona kiwanja cha karibu na ufuko kwa bei ya kushangaza, mara nyingi muuzaji ana karatasi ya kumiliki kwa kukalia tu, hana hati.

Vyenye hati kamili vipo. Omba namba ya usajili, uitafute mwenyewe kwenye Registro Nacional, yaani masjala ya taifa ya ardhi na mali, kisha linganisha jina, ukubwa na madeni na ramani ya upimaji. Nenda manispaa uulize kama ujenzi unaruhusiwa pale, na mamlaka ya hifadhi uulize mpaka wao unapita wapi. Wakili awe wako. Yule anayeletwa na muuzaji "kukupunguzia gharama" mkatae kwa heshima.

Ukaazi nao una mtego kwa mstaafu wa mapema. Njia rahisi, pensionado, inadai pensheni ya maisha ya dola 1,000 kwa mwezi, na mtu wa miaka 45 kwa kawaida bado hana. Inabaki rentista, yaani kuthibitisha dola 2,500 kwa mwezi kwa miaka miwili, au uwekezaji wa dola 150,000. Ukishakubaliwa, kuchangia bima ya taifa, Caja, ni lazima. Iweke kwenye bajeti.

Kuogelea kunataka akili: ufuko wa Cocles una mikondo inayovuta mtu kwenda kilindini, na ukinaswa ogelea sambamba na ufuko hadi utoke. Chakula hakinipi shida. Wazawa wa asili ya Jamaika hupika wali na maharage kwa tui la nazi, na mtu wa Pwani yetu atajiona yuko kwao, ila wenzetu huongeza thaimu na pilipili kali.

Mwenye ugonjwa wa moyo afikirie mara mbili. Hospitali kubwa ya karibu, Tony Facio, iko Limón, zaidi ya saa moja kwa gari. Vipimo vya kibingwa ni San José, na barabara namba 32 inayopita msitu wa Braulio Carrillo hufungwa mara kwa mara kwa maporomoko ya udongo. Ukiwa na miadi huko, ondoka siku moja kabla.